Upepo Uliobaki Ndani ya Kobe

9 Machi

Shangazi yangu mpendwa,

Basi lile pazia la manjano tulilokuwa tunalizungumzia, limepatikana! Limeshatundikwa, na jua likichomoza chumba chote kinakuwa kama ndani ya chungwa. Shikamoo. Najua umeshatikisa kichwa: huyu Chiriku kaanza na pazia kabla ya salamu. Nisamehe, nina maneno mengi na mdomo mmoja.

Mimi ni mzima, mzima kupita kiasi. Mume wangu naye hajambo na anakuamkia. (Nimeandika "mume wangu". Nikiliandika hilo neno natazama kando kama kuna mtu ananichungulia.) Nyumba yetu ni vyumba viwili na jiko, juu kabisa ya mtaa, mahali ambapo asubuhi kuna ukungu na baridi ya kuvalia soksi. Karakana yake ya useremala iko chini, barabarani. Anatoka na pima maji ya kupimia usawa wa mbao mfukoni mwa shati, kama daktari na kipimo chake, na akifika kwenye kona anageuka kunipungia mkono. Kila siku, Shangazi! Jana aligeuka akagonga nguzo.

Sasa nije kwenye neno lenyewe, maana nikizunguka zaidi karatasi itakwisha.

Siku ya harusi nilikuwekea kiti cha mbele, kile chenye mto, kwa ajili ya kiuno chako. Niligeuka kutazama mlango mpaka mama mkwe akaninong'oneza, "Mwanangu, bwana harusi yuko huku." Kisha nikamwona Kobe, lile gari lako, anaingia uwanjani, na wewe uliniahidi utamleta mwenyewe. Nikainua gauni nikakimbia mbele za watu. Akashuka jirani yako dereva wa lori, akaniwekea funguo mkononi. "Zawadi ya shangazi yako hii. Yeye kabanwa na kazi." Kazi gani? "Nimeambiwa nisiongeze neno." Akanywa soda yake akawahi basi.

Wewe ndiye uliyenilea tangu sijui kujifunga viatu. Nilikasirika. Mpiga picha aliponiuliza kama aache nafasi upande wangu wa kulia, nilimwambia asiache. Nakwambia ujue.

Tena zawadi yenyewe inachemsha. Tukipanda mlima wa kuja nyumbani, mshale wa joto unapanda nao. Tukisimama, unashuka wenyewe. Mume wangu anajua mbao tu. Nikuulize nani kama si wewe, uliyeendesha teksi miaka yote hiyo na kumfungua Kobe kwa mikono yako mwenyewe?

Chumba cha pili ni chako. Njoo.

Chiriku wako

*

27 Machi

Chiriku,

Marahaba mwanangu. Usishtuke kuona mwandiko mzuri. Ni wa fundi cherehani, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, ambaye unamjua kwa kelele zake. Mkono wangu umechoka kidogo, kwa hiyo mimi natamka, yeye anaandika. Anataka ujue kwamba yakiwapo makosa ni yangu, na palipo pazuri ni pake.

Huku salama. Paka amezaa ndani ya tairi bovu na sasa hatuwezi kulitupa. Mwambie mkwe wangu aache kupunga mikono njiani; nguzo za watu zina gharama. Nimefurahi kwa pazia.

Kuhusu harusi, kazi ilinibana. Tuishie hapo.

(Mimi mwandishi nimeambiwa niandike hivyo, nami nimeandika. Fundi.)

Sasa Kobe. Gari linalochemsha halitibiwi kwa kubahatisha, linaulizwa kwanza. Asubuhi, likiwa limelala baridi, chomoa kijiti cha oili. Ukiona oili imekuwa kama maziwa ya chai, usiliwashe tena, niandikie haraka. Washa, utazame moshi wa nyuma: je, ni mweupe na mzito, hauishi hata injini ikipata moto? Tazama chini kama kuna tone. Tazama kama feni inazunguka. Kisha fanya jambo ambalo mkwe wangu atalicheka: mshale ukishapanda, washa hita ya ndani mpaka mwisho, weka mkono mbele ya tundu lake, uniambie hewa inayotoka ni ya moto au baridi. Na utege sikio kwenye dashibodi.

Maji yakipungua, ongeza kwenye ile chupa ya plastiki ya pembeni. Kifuniko cha rejeta usikiguse. Nimesema usikiguse. Kobe akiwa wa moto kile si kifuniko, ni kizibo cha balaa. Hata ukiwa na haraka, hata ukiwa na kitambaa mkononi, hata kama unasubiriwa na watu. Usikiguse.

Shangazi yako

*

6 Aprili

Shangazi yangu,

Shikamoo, na umpe fundi salamu zangu. Mwambie mwandiko wake ni mzuri ila unafanya sauti yako iwe kama imevaa tai.

Leo nimeamka na furaha hata sijui niiweke wapi. Mume wangu amenitengenezea kabati la vyombo, na ndani ya mlango, mahali asipopaona mgeni, amechonga chiriku mdogo mwenye mdomo wazi. Nikamwuliza, "Mbona kafungua mdomo?" Akasema, "Nilijaribu kuufunga, mbao ilikataa." Nikampiga na mwiko. Shangazi, sikujua mtu anaweza kuchekwa hivi na akapendwa hapohapo.

Majibu ya maswali yako: oili ni safi, rangi ya asali. Moshi hakuna wa ajabu. Chini pakavu. Feni haizunguki kabisa, hata mshale ukiwa juu. Na hita! Tulipanda mlima, mshale ukakaribia alama nyekundu, nikawasha hita mpaka mwisho, nikaweka mkono. Hewa baridi kama ya mtungini. Mume wangu akasema, "Injini inaungua na hapa tunapulizwa ubaridi? Huyu Kobe ana roho mbili." Nilitega sikio kama ulivyosema. Ndani ya dashibodi kuna sauti ya mtu anayesukutua kinywa.

Haya, mimi nimejibu yako yote. Wewe hukujibu langu hata moja. Nilisema kuna chumba. Nimekitandika. Ninaweza kukukasirikia na kukutamani kwa wakati mmoja, wala sioni shida, tatizo ni kwamba hujasema kama unakuja. Ni jambo gani lilikuwa kubwa kuliko mimi siku ile? Niambie tu hilo, hata kama ni abiria wa teksi, nitakubali.

Chiriku

*

2 Mei

Chiriku,

Marahaba. Nimechelewa kujibu kwa kuwa nilikuwa na safari za kwenda na kurudi hapa mjini, shughuli zangu tu. Watoto wa paka wamefumbua macho. Kabati la mkwe wangu nimelipenda hata sijaliona.

Shida ya Kobe nimeijua. Ni upepo. Nilibadilisha pampu ya maji wiki ile ya harusi, na maji yakishamwagwa yakajazwa upya, hewa hubaki imejificha kwenye mabomba. Hewa hukimbilia mahali pa juu kabisa, ikakaa pale kama mwenye nyumba. Maji hayapiti, ndiyo maana hita yako ni baridi na kitu kinasukutua. Feni nayo haijui kama kuna moto, kwa sababu maji ya moto hayaifikii. Hakuna kilichokufa. Kazi haikumalizwa, basi.

Fanya hivi. Iwe asubuhi, injini ikiwa baridi kabisa, umeigusa kwa kiganja na haina hata uvuguvugu. Egesha Kobe pua ikielekea juu ya mlima, uweke mawe nyuma ya magurudumu. Hita iwe imefunguliwa mpaka mwisho. Hapo tu, na ni hapo tu, ufungue kifuniko cha rejeta. Juu ya bomba nene, karibu na injini, utaona skrubu ndogo ya shaba. Ilegeze. Mimina maji ya rejeta taratibu, yale ya rangi, si ya bomba, mpaka pale kwenye skrubu yatoke bila mapovu. Ifunge. Washa, uache gari lingurume bila kulikanyaga. Bomba nene liminye na kuliachia, kama unamkanda mtu misuli. Mapovu yatakuja rejetani; yakija, maji yatashuka, ongeza. Bomba likianza kuunguza vidole, liache, lisimamie lenyewe. Hita ikitoa moto na feni ikizunguka, umeshinda. Zima, rudisha kifuniko kabla maji hayajaanza kupanda, na kesho yake utazame tena.

Kuja kwenu, mwanangu, sitakuja. Safari ni ndefu na watu wa

(Hapo ameniambia nifute. Nimeweka mstari.)

Kaeni salama. Mnafurahi, na furaha haihitaji mzee wa kuikalia.

Shangazi yako

(Dada, mimi fundi naongeza langu na yeye hajui. Cherehani yangu iko mbele ya kioo kikubwa. Zamani alikuwa akija anasimama hapo kujitania kiuno chake. Siku hizi anakaa akikipa kioo mgongo.)

*

15 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Leo salamu ni fupi.

Tumeutoa upepo. Jumamosi asubuhi tulimsukuma Kobe mpaka kwenye mteremko wa mbele ya nyumba, pua juu. Mume wangu aliweka pima maji kwenye ukingo wa rejeta, lile povu lake likakimbilia mbele, akasema, "Shangazi kasema kweli, hata hapa hewa inatafuta juu." Tulikuwa tunacheka. Nilikuwa nimevaa shati lake na nimefunga kichwa, na alinitazama mpaka nikasahau bisibisi nimeweka wapi. Nilijua nitakuandikia barua ndefu ya kufurahisha.

Kisha nikafungua kifuniko cha rejeta. Ulinikataza, nikakutii, sikuwahi kukigusa tangu gari liingie mikononi mwangu. Kilikuwa kigumu. Kilipoachia, chini ya ukingo wake kulikuwa na kitambaa kimebanwa, kimekunjamana na kukauka kama jani. Nilikivuta kwa kucha. Zambarau, na pembeni uzi wa fedha.

Ninacho kipande cha kitambaa hicho, Shangazi. Ulinitumia wewe, ndani ya barua ya mwezi wa kumi na mbili, ili nichague maua yanayoendana na mtandio wako wa harusi. Nilivileta pamoja kwenye meza. Ni kimoja.

Mume wangu alisimama na dumu la maji mkononi. Akasema polepole, "Mtu hafungui rejeta kwa mtandio kama hana haraka."

Kwa hiyo ulikuwa umeshavaa. Ulikuwa njiani unakuja. Na wewe, ambaye huachi hata nati moja bila kukazwa, uliacha upepo ndani ya gari unalonipa mimi. Mwandiko wa fundi. Safari za kwenda na kurudi. Kioo. Nilikuwa nasoma barua zako kama nasoma risiti.

Tulimaliza kazi, kwa sababu ulinifundisha kumaliza. Nilikanda bomba, mapovu yakaja makubwa kisha madogo, maji yakashuka, nikaongeza. Hita ikaanza kutoa vuguvugu, kisha moto kabisa. Feni ikalia. Mume wangu akapiga makofi. Mimi nikakaa kwenye kiti cha dereva, ule moto unanipiga usoni, nikalia mpaka akazima gari.

Nakusihi niambie kwa mkono wako mwenyewe, hata kama ni mstari mmoja. Na yale maneno ya mpiga picha, natamani ningeyarudisha mdomoni.

Mwanao

*

20 Juni

Chiriku wangu,

Huu ni mwandiko wangu. Usiucheke, vidole bado havikunjiki vizuri, ndiyo maana barua imechukua siku nyingi. Naandika kidogo, napumzika. Fundi yuko upande wa pili wa ukuta anasikiliza kama naita.

Marahaba.

Pampu niliibadilisha siku moja kabla. Nilijaza maji, na nilijua upepo haujatoka. Lakini jioni ile fundi alikuwa amenipaka rangi ya kucha. Nyekundu. Mara ya kwanza tangu nizaliwe. Nikazitazama, nikaona haya kuziharibu kwa maji ya rejeta, nikasema upepo nitautoa nikifika, baada ya picha. Ni hilo tu, mwanangu. Hakuna kazi iliyonibana. Nilitaka mikono yangu ionekane ya mama wa bibi harusi.

Tuliondoka mapema, mimi na jirani wa lori. Kwenye mlima wa kwanza Kobe alichemka. Nikasubiri kidogo, nikatazama saa, nikakuona wewe unageukageuka mlangoni, nikavua mtandio nikazungushia kifuniko. Jirani alisema, "Dada, ngoja." Mimi! Ambaye nimewagombeza madereva wa mji mzima kwa jambo hilohilo. Nikamwambia, "Wewe endesha lori lako."

Mvuke ulinipata mkono wa kulia, shingo na shavu. Jicho lilipona. Hospitali walitaka kunilaza, nikamfukuza jirani na funguo: peleka gari, useme kazi. Yeye ndiye aliyelijaza maji na kurudisha kifuniko, hakuona kipande cha mtandio kilichochanika kikabaki pale. Kwa hiyo nilikupa siku yako ya kwanza gari bovu. Hilo linaniuma kuliko shavu.

Mwanzo nilinyamaza nisikuharibie furaha. Baadaye barua zako zikaja na mapazia na chiriku wa mbao, kila moja inacheka, nikaona nikisema sasa nitakuwa kama mtu anayeingia sebuleni na viatu vya matope. Kisha nikaona haya. Ngozi imepona lakini imevutika, ukinitazama kwa upande huu sifanani na mimi. Watoto wa jirani walinizoea baada ya wiki kadhaa. Abiria bado. Sikutaka wewe uwe na siku hata moja ya kunizoea.

Hukukosea kwa mpiga picha. Nafasi isiyo na mtu huharibu picha.

Nimefurahi feni imelia. Uliikanda vizuri.

Shangazi yako

*

4 Julai

Shangazi yangu, mama yangu,

Shikamoo mara mbili, moja ya leo na moja ya siku ile.

Barua yako nimeisoma nikiwa jikoni nimesimama, halafu nikaenda kuisoma tena karakanani, kwa sababu sikutaka kuwa nayo peke yangu. Mume wangu alizima msumeno. Aliposikia habari ya kucha, alikaa juu ya mbao akajifuta macho, akasema ni vumbi. Nikamwacha na vumbi lake.

Najuta, Shangazi. Najuta kwamba nilikuhesabia kosa ukiwa na bandeji. Najuta zile kurasa zangu za furaha, si kwa sababu ya furaha yenyewe, hiyo siiombei radhi, najua ungenigombeza. Ila kwa sababu niliandika sana na sikusikiliza. Fundi alinisemesha kwenye mabano, nikaona ni utani. Ungeniambia siku ileile ningekuja hospitali na gauni langu, na wageni wangekula bila bibi harusi. Hilo limeshapita. Halirudi, hata nikilia vipi. Ile picha ya familia haina wewe, na kila nikiitazama nitajua nafasi iliondolewa na mdomo wangu.

Nimemwuliza mpiga picha kama anaweza kukuongeza. Akanijibu, "Mama, mimi natengeneza picha, sitengenezi watu." Basi tutapiga nyingine. Gauni langu limetoka sandukuni, lina alama moja ya kutu, nitaificha kwa maua. Suti ya mume wangu inambana, na ni mimi ninayempikia, kwa hiyo anyamaze. Ametengeneza kiti chenye mto kwa ajili ya kiuno chako, kinaingia nyuma ya Kobe kikilazwa ubavu, tulijaribu jana. Wewe utakaa katikati. Upande utakaogeuzia kamera utauchagua mwenyewe, lakini mimi nitakaa upande wa shavu lile, na shavu langu litakuwa juu yake, kwa hiyo ukitaka kulificha itabidi unifiche na mimi.

Kuhusu siku ya kukuzoea, huenda nikahitaji. Sitakudanganya. Nitashtuka, halafu nitazoea, halafu nitaanza kukusumbua kuhusu mapazia yako.

Tumempima Kobe. Jumapili tulipanda mlima na kushuka, mshale umekaa katikati kama umechorwa. Maji hayapungui. Kipande cha mtandio nimekishona kwenye kile ulichonitumia, kwa uzi mweupe. Mwambie fundi asinicheke mshono. Na nimenunua kichupa cha rangi ya kucha, nyekundu. Nitakupaka mwenyewe, kidole kwa kidole, hata vile visivyokunjika, na safari hii huna haja ya kuogopa kuziharibu, kwa kuwa upepo wa Kobe umeshatolewa na mikono uliyoifundisha.

Tunakuja. Mume wangu anamalizia milango ya duka moja, kisha tunafunga karakana na kuondoka. Kabla mwezi huu haujaisha utasikia honi ya Kobe mtaani kwako, ile unayoijua, ya mtu mwenye mafua. Ukiisikia, usimtume fundi kufungua mlango.

Chiriku wako